Namba ya zamani, kiraka kipya

Kuna mstari mmoja kwenye ripoti za ukaguzi wa mifumo unaoniletea simu nyingi kuliko umeme unapokatika: OpenSSH 9.2 (programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali) imepitwa na wakati, ina tundu la usalama lililotangazwa Julai 2024, isasishwe haraka. Mteja mwenye seva ya kumbukumbu za ghala la korosho hapa Mtwara mjini akishasoma hapo, mengine hayaoni tena. "Fundi, ina maana siku zote hizi tumekaa wazi?"

Hamjakaa wazi. Seva ile inatumia Debian 12, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na toleo la kifurushi chake (nazungumzia kifurushi cha programu, si bando) likiandikwa kwa ukamilifu ni 1:9.2p1-2+deb12u3, au u yenye namba kubwa zaidi ya hapo. Habari yote imo kwenye mkia. Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilipotangaza tundu lililopewa jina regreSSHion, wenye OpenSSH walitoa toleo jipya, 9.8. Debian hawakuwapa 9.8 watu wa tawi thabiti, lile ambalo matoleo ya programu hayabadilishwi ovyo. Walichukua marekebisho ya tundu lile tu, yaani kiraka, wakayaingiza kwenye 9.2 iliyokuwepo na kuipa alama u3. Tundu likazibwa, na faili za mipangilio zikaendelea kusomeka kama jana yake. Seva yenyewe huutaja mkia huo inapopokea muunganisho, ila programu nyingi za ukaguzi huishia kwenye 9.2 na kupiga rangi nyekundu.

Ndiyo maana sipendi swali la "toleo gani ni jipya zaidi". Mimi nauliza nani anakitunza kifurushi hiki, na mpaka lini. Na uzee wakati mwingine unalipa. Debian 11 ilikuwa na OpenSSH 8.4, na regreSSHion haikuigusa kabisa, kwa sababu kosa liliingia kuanzia 8.5. Machi mwaka huohuo ilikuja kesi ya xz, programu ya kubana mafaili. Mtu alikuwa amepandikiza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua baada ya kuona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde na kula prosesa bila sababu. Waliokuwa wameyapokea matoleo hayo ni watu wa matawi yanayokimbia, yaani yanayopokea matoleo mapya kila mara: Debian sid, Fedora Rawhide, openSUSE Tumbleweed. Debian 12 ilikuwa bado kwenye 5.4.

Vijana wa hapa wanaopenda Arch, Linux nyingine ya mwendo huo wa kukimbia, nisiwavunje moyo. Kwenye laptopu yako mfumo unaosasishwa kila siku ni raha, na mtu hujifunza mengi siku unapovunjika. Sharti lake ni usasishe vyote kwa pamoja. Ukichagua kimoja ukaacha vingine, Arch wenyewe wanasema hawahusiki. Sasa nieleze nani atafanya hivyo kwenye seva ya ghala mwezi wa Novemba, malori yamepanga foleni kwenye mizani.

Debian nao hawashikilii kanuni yao kwa ukaidi. Firefox ESR na Chromium huingia kwenye tawi thabiti zikiwa matoleo mapya kabisa, maana kurudisha viraka vya kivinjari kwenye toleo la zamani ni kazi isiyowezekana.

Kalenda yangu inafuata minada. Oktoba korosho ikianza, sibadilishi toleo la mfumo wala la hifadhidata mpaka msimu uishe. Viraka vya usalama havisimami hata siku moja: unattended-upgrades, programu ya kusasisha yenyewe, nimeipanga ichukue kutoka hazina ya usalama ya Debian peke yake. Halafu naendesha needrestart, inayoonyesha huduma zinazohitaji kuwashwa upya, kwa sababu OpenSSL (maktaba ya usimbaji) ikisasishwa, huduma zilizokwisha kuwashwa huendelea na maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu ya kompyuta mpaka ziwashwe upya. Hili watu wengi hulisahau, wakadhani wamemaliza kazi.

Kosa ninalolikuta mara kwa mara kwa mafundi wenzangu ni la upande wa pili: apt-mark hold, amri ya kuzuia kifurushi kisisasishwe. Kifurushi kilileta shida, fundi akakifungia, msimu ukapita, fundi akahamia Dodoma. Kifurushi hakipokei chochote tena, hata kiraka, wala hakuna anayelalamika. Ukikabidhiwa seva, andika kwanza apt-mark showhold uone umerithi nini.

Debian 13 ilipotoka tarehe 9 Agosti 2025 niliulizwa kwa nini hatuhami. Debian 12 ina hifadhidata ya PostgreSQL 15, Debian 13 ina 17, na mafaili ya data ya 15 hayafunguki moja kwa moja kwenye 17. Lazima yahamishwe kwa pg_upgradecluster, na kabla ya hapo ujaribu kwa nakala kwenye mashine nyingine. PHP, lugha ya programu za wavuti, nayo inaruka kutoka 8.2 hadi 8.4. Kazi hiyo si ya wiki mbili kabla ya mnada. Debian 12 inatunzwa mpaka Juni 2028 ukihesabu na kipindi cha LTS (matunzo ya muda mrefu), kwa hiyo haraka hakuna. Tutahama Machi, korosho imeshaisha na ufuta haujaanza kuingia ghalani.