Mkono unakufa ganzi usiku: maswali ya wanaoshinda kwenye kompyuta

Maswali haya ni ya watu wanaochapa kazi siku nzima katika steshenari na ofisi za Mwanza.

Nachapa tafiti za wanafunzi hapa Nyegezi. Usiku mkono wa kulia unakufa ganzi mpaka naamka. Mama anasema naanza kiharusi. Ni kweli?

Pole sana dada. Unavyoeleza haifanani na kiharusi. Kiharusi huja ghafla, na mara nyingi mdomo unapinda, maneno yanagoma kutoka au mguu wa upande huohuo unakosa nguvu. Akitokea mtu wa hivyo nyumbani, msisubiri kupambazuke, mpelekeni hospitali.

Wewe ukikung'uta mkono, je, unapata nafuu? Halafu angalia ni vidole gani. Kuna mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono kwenda kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine. Kama hicho kiko salama na vile vingine vinachomachoma, basi huenda mshipa unabanwa pale kifundoni. Njia yake ni nyembamba: chini mifupa, juu utando mgumu, na humohumo zinapita kano 9 zinazokunja vidole. Kukiwa na uvimbe kidogo tu, mshipa ndio unaoumia. Tukilala wengi tunakunja kifundo, ndiyo maana usiku unazidi.

Jipime: gusanisha migongo ya viganja, vidole vielekee chini, kaa hivyo dakika moja. Ganzi ikianza, mweleze daktari.

Kwa hiyo ni kompyuta iliyoniletea?

Inaweza kuchangia, hasa mausi kuliko kibodi, lakini usiishie hapo. Kisukari, ujauzito, uzito mkubwa, baridi yabisi ya viungo na tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, vyote huleta hali hii. Pima sukari kabla hujailaumu kazi. Wenzetu wanaokata minofu ya sangara viwandani, wanaokaza kisu huku wamekunja kifundo zamu nzima, wako hatarini kuliko mchapaji.

Kama huna ganzi ila kifundo kinauma upande wa kidole gumba, hapo huenda ni kano zilizochoka. Dawa yake kubwa ni kupumzisha mkono na kubadili namna ya kufanya kazi.

Sina hela ya meza wala kiti cha ofisi. Nifanyeje?

Hapa ndipo pana kazi kubwa, na haihitaji hela nyingi. Kaunta nyingi za steshenari zimetengenezwa kwa mteja anayesimama, halafu mchapaji anakalia kiti cha plastiki kifupi. Viwiko vinabaki chini ya kibodi, kifundo kinapinda kwenda juu, na ukingo wa kaunta unabonyeza palepale mshipa unapopita.

Kalia mto au sponji mpaka viwiko vilingane na kibodi. Miguu ikining'inia, weka rimu mbili za karatasi chini yake. Laza vile vimiguu vya nyuma ya kibodi. Mausi ikae ubavuni mwa kibodi, isiwe kule ng'ambo ya kikokotoo, na uishike bila kuiminya. Kila nusu saa nyanyuka, nyoosha vidole. Umeme ukikatika, nakusihi usihamie kwenye simu. Hapo ndipo kidole gumba kinapomalizwa.

Nimenunua diklofenaki na vidonge vya vitamini B. Niendelee?

Diklofenaki inatuliza maumivu tu, haifungui njia ya mshipa, na ukiimeza muda mrefu inaumiza tumbo na figo. Mwenye presha au mjamzito asiiguse bila daktari. Vitamini B inamsaidia aliyepungukiwa nayo. Hela hiyo ningeipeleka kwenye kishikizo cha kifundo, yaani kifaa kinachofungwa mkononi ili kifundo kisikunjike. Kivae usiku, kifundo kikiwa kimenyooka, bila kukaza sana, kwa wiki 6 hivi.

Lini niende hospitali?

Ganzi ikikaa hata mchana, vikombe vikikuponyoka, kufunga vifungo kukiwa shida, au nyama iliyo chini ya kidole gumba ikianza kubonyea. Hiyo ya mwisho isicheleweshwe, maana nyama ikishapungua huenda isirudi yote. Nenda pia kama wiki 6 za kishikizo hazikusaidia. Anzia kituo cha karibu au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure; Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda. Wanaweza kukuchoma sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kifundoni, au kuukata ule utando kwa operesheni ndogo ambayo kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Mimi ni mjamzito wa miezi 7. Nami nahitaji operesheni?

Mara nyingi hapana, mama. Ni maji yanayojaa mwilini, na kwa wengi hupungua baada ya kujifungua. Vaa kishikizo usiku, na uwaambie kliniki siku ya mahudhurio.