Ukuta wa chini ya ardhi kuzunguka ziwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu wa Bahati, Nakuru, au wa Ahero, Kisumu, akianza kuchimba ziwa la samaki au la kuvutia wageni, swali huwa moja: maji yatakaa? Siku hizi jibu la haraka ni "zungushia ukuta wa chini." Maana yake ni mtaro mwembamba, mrefu kwenda chini, unaochimbwa huku umejaa uji wa bentonaiti, mfinyanzi unaofura ukilowa, ili kingo zisiporomoke, kisha unajazwa udongo uliokorogwa na uji huohuo. Ni njia nzuri. Kaskazini ya Denver, Marekani, mashimo yaliyoachwa na wachimba kokoto yamegeuzwa mabwawa ya maji kwa kuta kama hizi. Ila mengi ninayosikia kuzihusu yanaweza kumtia mtu hasara.

"Ukishaweka ukuta, maji hayapiti tena."

Yanapita, ila polepole sana. Chukua ziwa lenye mzunguko wa mita 600, ukuta wenye kina cha mita 6 na unene wa sentimita 80, maji ya ndani yakiwa mita 4 juu ya yale ya nje. Udongo ukikorogwa sawasawa, ukuta mzima utavuja kama lita 1,500 kwa siku, yaani mitungi 75 ya lita 20. Jua la Kisumu litanyonya mara nyingi zaidi ya hapo.

Sasa tuseme mahali pamoja ukingo uliporomoka usiku, pakabaki kidirisha cha mchanga mwembamba cha mita 1 ya mraba. Kidirisha hicho peke yake kinaweza kupitisha zaidi ya lita 4,000 kwa siku, karibu mara tatu ya ukuta wote. Kwa hiyo mwenye ziwa asiulize tu bentonaiti ni ya aina gani. Aulize ni nani anayekagua mtaro kila asubuhi.

"Ukikaribia chini, inatosha."

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukuta ukikatisha asilimia 80 ya kina cha udongo unaopitisha maji, mvujo haupungui kwa asilimia 80. Kwa makadirio wanayotumia wahandisi wa mabwawa, unapungua kama nusu tu, kwa sababu maji hujipenyeza chini ya ukuta na kuongeza mwendo hapo. Ni lazima ukuta uzame ndani ya mfinyanzi au mwamba usio na nyufa, sentimita 60 hadi mita nzima. Kugusa tu hakutoshi.

Na kulijua tabaka hilo kunataka mkono. Kwenye mtaro mmoja upande wa Bahati, fundi alitangaza kwamba tumefika. Ndoo ya eskaveta ilikuwa imeleta donge la kijivu, gumu kweli. Nililivunja kiganjani, nikavitupa vipande kwenye beseni la maji. Vikaelea. Lilikuwa jiwe jepesi la volkano, lenye vitundu kama mkate, na maji yangepita humo yatakavyo. Tulichimba mita mbili na nusu zaidi ndipo tukapata mfinyanzi unaofinyangika. Siku ya kujaza, tuliteremsha kamba yenye chuma tukakuta kina kimepungua kwa shibri moja tangu jioni: mchanga ulikuwa umetuama sakafuni. Kama tungejaza juu yake, tungekuwa tumeyajengea maji njia. Tukausafisha kwanza.

"Udongo mweusi wa Kano ni bentonaiti ya bure."

Ni ndugu kweli, maana wote hufura ukilowa. Lakini umewahi kutembea Kano, tambarare ya huko Ahero, wakati wa kiangazi? Nyufa zinameza mguu. Unaweza kutumika kwenye mchanganyiko baada ya kupimwa maabara. Hata hivyo sehemu ya juu ya ukuta ifunikwe isikauke.

"Ukuta kama huu ungezuia Ziwa Nakuru kupanda."

Hapana. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Mvua na mito kama Njoro, Makalia na Nderit huliletea maji kwa juu, nalo limeshameza lango kuu la zamani la hifadhi. Ukuta uliozikwa hauzuii maji yanayotembea juu ya ardhi.

"Shamba langu, ukuta wangu, jirani hahusiki."

Maji ya chini yana mwendo wake, na ukuta huukata. Upande yanakotoka hupanda, upande yanakoelekea hushuka, na kisima cha jirani wa chini kinaweza kukauka. Kisumu, katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda ambako visima vifupi viko karibu na vyoo vya shimo, maji yakipanda nusu mita tu yanaweza kuugusa uchafu na kuufikisha kwenye ndoo ya mtu. Mchoro wa ukuta uwe na mfereji wa kuyapitisha maji ya upande wa juu. Mabomba membamba ya kupimia kina yatangulie pande zote mbili, yasomwe katika masika na katika kiangazi, kabla eskaveta haijafika.