Mafuta ya Ayurveda kwa mgonjwa wa kiharusi: yanafaa wapi, yanadhuru wapi

Kerala, kusini mwa India, kupooza upande mmoja kunaitwa pakshaghata, na wagonjwa wake hulazwa kwa wiki kadhaa katika hospitali za Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, kama Arya Vaidya Sala ya Kottakkal, iliyoanzishwa mwaka 1902. Tiba mojawapo ni njavarakizhi. Mchele wa njavara hupikwa kwa maziwa na maji ya mizizi iliyochemshwa, ukafungwa kwenye vitambaa; wahudumu husimama pande mbili za kitanda cha mbao, wakavichovya kwenye maziwa ya moto na kumsugua mgonjwa aliyekwisha pakwa mafuta.

Mgonjwa hustarehe, na misuli iliyokakamaa hulegea kwa muda. Hilo si dogo, kwani mkono uliolegea ni rahisi kuufanyisha mazoezi. Lakini kinachorudisha uwezo ni ubongo kujifunza upya kwa kurudia: kuinuka kitini, kushika kikombe, kupiga hatua, mara nyingi kila siku. Kukandwa bila mazoezi hakutoshi.

Kwa wanaokanda nyumbani, upande uliopooza huenda hauhisi joto, na mgonjwa anaweza kuungua asiseme neno. Pimeni kwanza joto kwenye upande usiopooza. Msimvute kwa mkono uliopooza, bega huteguka kirahisi. Mguu ukivimba au ukiuma upande mmoja, acheni kukanda na mwende hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda ndani.

Dawa za kunywa ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa madini makusudi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima dawa 70 zilizouzwa madukani Boston, na 14 zikakutwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Mzizi wa urukususu, usio na madini yoyote, hupandisha shinikizo la damu, nalo ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mitishamba bila daktari kujua.

Na saa za mwanzo si za mafuta hata kidogo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya CT, inayoonyesha ndani ya kichwa, kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka.

Mkienda kliniki, bebeni chupa na pakiti zote anazotumia, hata zile zilizoletwa na jirani.