Inflamesheni ni nini: ya muda mfupi na ya kudumu

Jumamosi moja nilinunua changu wawili pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, nikaona nisilipe mtu wa kunipalia samaki, nitawapaa mwenyewe nyumbani. Mwiba wa pezi la mgongoni ukanichoma kidole gumba. Nikanawa, nikaendelea kukaanga. Kufika usiku kidole kimevimba hadi kinang'aa, cha moto nikikigusisha shavuni, kinapwita, na hakikunjiki.

Hali hiyo ndiyo inflamesheni. Nyumbani tunasema tu "kimevimba", lakini neno uvimbe linatuchanganya, maana hata saratani tunaiita uvimbe. Inflamesheni ni kazi ambayo mwili unaianza pale unapoumia au kuingiliwa na vijidudu. Celsus, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, alishataja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano, kiungo kushindwa kufanya kazi yake. Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri wekundu. Mara nyingi utaona ngozi imekoza weusi au imevutika na kung'aa.

Ndani ya kidole, seli zinazokaa kwenye ngozi siku zote humwaga kemikali iitwayo histamini. Vimishipa vya damu hutanuka na damu huja kwa wingi: hilo ndilo joto. Kuta za vimishipa hulegea, majimaji yakachuja kwenda nje: huo ndio uvimbe. Kemikali nyingine, prostaglandini, huzifanya neva zihisi hata mguso mdogo, ndiyo maana shuka likipita juu ya kidole unashtuka. Kupitia kuta zilizolegea hutoka chembe nyeupe za damu. Neutrofili hufika kwanza, ndani ya saa chache, humeza bakteria na kufa hapo hapo. Mizoga yao ndiyo sehemu kubwa ya usaha. Makrofeji hufuata, kula mabaki na kusafisha. Mwaka 1882, kule Messina, Italia, mwanasayansi Elie Metchnikoff alichoma vibuu vya kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, kwa miiba ya waridi, akaona kwa hadubini seli zikikusanyika kuuzunguka mwiba. Kwangu ulikuwa mwiba wa changu, kazi ni ile ile.

Chanzo kikiondoka, mwili hutoa kemikali za kusitisha kazi, na kwa siku chache mambo huisha. Hiyo ni inflamesheni ya muda mfupi. Inauma, lakini bila hiyo kidonda kidogo tu kingeweza kutuua.

Ya kudumu huja pale kazi isipofungwa. Tazama kichocho, ambacho sisi wa Pwani tunakijua. Mayai ya minyoo yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu, mwili hauwezi kuyatoa, basi huyazungushia seli, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Nyama laini hugeuka kovu gumu, mkojo huja na damu, na baada ya miaka mingi saratani ya kibofu inaweza kuota hapo hapo. Kinachoharibu kibofu zaidi ni jitihada za mwili wenyewe dhidi ya yale mayai. Kifua kikuu nacho huharibu mapafu kwa namna inayokaribiana na hiyo.

Wakati mwingine hakuna mvamizi kabisa. Kwenye baridi yabisi, kinga hushambulia utando wa viungo vya mwili wenyewe. Jina hili limewapotosha wazee wetu wengi, wakalaumu maji ya baridi na feni, kumbe kiungo chenyewe kina joto. Na ipo ya kimya kimya: mafuta ya tumboni, moshi wa sigara, lehemu kwenye kuta za mishipa ya moyo. Haivimbi nje wala haiumi, lakini huchangia kisukari na mshtuko wa moyo.

Ndiyo maana nina wasiwasi tunavyonunua diklofenaki duka la dawa kwa kila kinachouma. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na diklofenaki na ibuprofeni hufanya hivyo hivyo. Zinatuliza, na kuna wakati zinahitajika kweli. Lakini haziui bakteria wala hazitoi mayai ya kichocho, na ukizinywa miezi mingi bila daktari zinaweza kukuachia vidonda vya tumbo na figo mbovu. Maumivu yakizidi wiki chache, kapime ujue yanatoka wapi.

Mimi mwenyewe nilimeza ibuprofeni siku mbili. Ikishuka nguvu, kidole kinaanza tena kupwita. Siku ya tatu nikaenda zahanati ya mtaani kwetu. Muuguzi akakifungua kwa sindano, akachomoa kipande cha mwiba kifupi kuliko punje ya mchele, akanichoma na chanjo ya pepopunda. Kesho yake asubuhi nilikifunga kifungo cha shati kwa kidole kile kile.