Je, wajua kwa nini mwalimu huleta viazi darasani kabla ya kutaja fasili?

Mwanafunzi wa Uyole au Makete, kunakolimwa viazi katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ameshika kiazi mviringo tangu hajaanza shule, lakini ukimuuliza kama ni mzizi au ni shina, huenda akajibu bila kusita kwamba ni mzizi, kwa kuwa kimechimbwa ardhini. Fasili aliyonakili ubaoni haimwondolei dhana hiyo, maana aliikariri bila kuihusisha na kiazi anachokijua.

Katika ufundishaji unaoanzia mifano na kuishia kwenye kanuni, fasili husubiri. Mwalimu huweka mezani kiazi mviringo na tangawizi upande mmoja, karoti, muhogo na kiazi kitamu upande wa pili, kisha huwataka wanafunzi watafute kilichomo katika kundi la kwanza na kukosekana katika la pili. Wataanza na rangi, ukubwa na ladha, na mwalimu hana budi kuvumilia (hapo ndipo wengi wetu hushindwa, tukalitoa jibu wenyewe). Hatimaye mmoja atayaona macho ya kiazi na pingili za tangawizi, ambako machipukizi hutokea kama yanavyotokea kwenye vifundo vya shina lolote. Sasa jina “shina la chini ya ardhi” lina mahali pa kukaa.

Mwanafunzi mbishi, na heri awepo, atasema kwamba kiazi kitamu nacho huchipua. Ni kweli, ila hakina macho yaliyopangika, na pingamizi lake huwalazimu wenzake kuinoa kanuni yao.

Hilda Taba, mtaalamu wa mitaala mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Marekani, aliupangia ufundishaji huu hatua: wanafunzi huorodhesha, hupanga makundi, ndipo huyapa majina. Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner na wenzake, mwaka 1956, walichunguza jinsi mtu anavyojenga dhana kwa kulinganisha vilivyomo katika kundi na visivyomo. Kwa maoni yangu, visivyomo ndivyo vyenye uzito zaidi. Mwalimu akileta kiazi mviringo na karoti tu, darasa laweza kuhitimisha kwamba cha duara ni shina na kirefu ni mzizi. Kiazi kitamu cha duara, ambacho ni mzizi, ndicho huivunja kanuni hiyo mbovu mapema.

Kitunguu hubakizwa kwa kipindi kinachofuata, kwa kuwa hakiingii vizuri katika kundi lolote kati ya hayo: sehemu tunayoikatakata jikoni, kwa kiasi kikubwa, ni majani yaliyonenepa.