Dogo wa Mpanda na jiwe lake la fedha

Juzi hapa Tabora kaja dogo mmoja kashuka na treni ya Mpanda, kabeba jiwe kwenye kitenge, zito balaa, linang'aa kama kioo. "Shikamoo mzee, hii si fedha hii?" Nilijua palepale nilipolipokea, ila mi napenda mtu aone mwenyewe, nikachukua nyundo nikaligonga pembeni, likakatika vipande vyenye kona, kila kimoja kama kasanduku. Fedha halisi ukiigonga inabonyea inakuwa bapa, haivunjiki hivi. Hii ni galena, jiwe lenye madini ya risasi, siyo risasi ya bunduki, likiwa safi risasi peke yake inafika asilimia 86.

Uso ukamshuka. Nikamwambia subiri kwanza, fedha inapenda kujificha humohumo kwenye risasi. Watu wanadhani kila madini yana mgodi wake, wakati zaidi ya theluthi mbili ya fedha ya dunia inatoka kwenye migodi inayochimba risasi na zinki, shaba au dhahabu, fedha inakuja kama nyongeza tu. Mexico ndo wanaongoza. Na hiyo reli aliyopanda, kutoka Kaliua mpaka Mpanda, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, walikuwa wanapata fedha na dhahabu humo ndani, ukafungwa 1960. Dogo kapanda treni hiyo tangu utotoni hajawahi kuambiwa, na hii inaniuma kweli.

Platini, metali nyeupe ya thamani, nayo ina wenzake. Karibu asilimia 70 inatoka Afrika Kusini, kwenye mwamba wa Bushveld, uji wa mawe yaliyoyeyuka uliopoa taratibu miaka kama bilioni 2 iliyopita ukajipanga tabaka juu ya tabaka, na lile tabaka lenye platini, linaitwa Merensky, mara nyingi hata mita moja halifiki unene lakini wanalifuata chini kwa chini kilomita nyingi sana. Kule Norilsk, Urusi, paladiamu, metali ya ukoo wa platini, inatoka pamoja na nikeli na shaba. Sasa hata huku kwetu, Kigoma, tuna Kapalagulu, mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Mahale, mwamba wa ukoo huohuo, nikeli na platini zimeshaonekana kwenye sampuli ingawa mgodi bado.

Dhahabu sisemi sana, Nzega wanaijua kuliko mimi.

Nikamwelekeza dogo akachukue mawe sehemu tano sita tofauti, siyo lile linalong'aa tu, na maabara aombe wapime fedha na dhahabu pia, gramu ngapi kwa tani, maana wakipima risasi peke yake atauza jiwe kwa bei ya risasi. Afu nikampa sabuni anawe, vumbi la risasi ni sumu hasa kwa watoto, na kile kitenge nikamkatalia kabisa asiondoke nacho, kumbe ni cha dada yake anabebea mtoto.