Maada ya giza na miale ya gama: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wakisikia "maada ya giza" hufikiria kitu cheusi kama moshi unaoziba nyota. Sivyo. Moshi huzuia mwanga, lakini maada hii mwanga huipenya kana kwamba haipo. Tunaitambua kwa mvuto wake tu. Mwaka 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walipima Andromeda, galaksi (kundi kubwa la nyota) jirani yetu, wakakuta gesi ya pembezoni ikizunguka kwa kasi ambayo nyota zinazoonekana zisingeweza kuihimili. Kuna uzito mwingine pale, na hesabu za leo zinaufanya kuwa takriban mara 5 ya maada ya kawaida.

Sasa, kama haitoi mwanga, miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa mno usioonekana kwa macho, inatoka wapi? Swali hili huwachanganya wengi, nami naona ndilo tamu kuliko yote. Nadharia moja inasema kwamba chembe za maada hii zikikutana huangamizana, na mabaki ya kuangamizana huko huzaa miale ya gama. Kwa hiyo darubini huelekezwa pale inapodhaniwa kusongamana: kitovu cha galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi, na vigalaksi vidogo kama Sculptor.

Wapo wanaosema kazi hii hufanywa na setilaiti pekee. Ni kweli Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, hunasa gama moja kwa moja. Lakini gama zenye nishati kubwa zaidi ni adimu mno kwa chombo kidogo. Ndiyo maana kuna H.E.S.S., darubini tano kwenye nyanda za Khomas, Namibia, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ya tano, iliyoanza kazi mwaka 2012, ina kioo cha upana wa mita 28. Haziioni gama yenyewe. Gama ikigonga angahewa huzua mvua ya chembe, nazo hutoa mmweko wa buluu unaodumu sehemu chache tu za bilioni za sekunde. Tena ukiwa Namibia, kitovu cha galaksi hupita karibu na utosi.

"Maada ya giza imeshapatikana," wengine hutangaza. Bado. Mwaka 2009 wanafizikia Lisa Goodenough na Dan Hooper waliona gama za ziada kitovuni katika data za Fermi, lakini pulsa nyingi zisizotofautishika (mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mionzi) zinaweza kutoa mng'ao kama huo. Vigalaksi havina vurugu hiyo, na uchambuzi wa 15 kati yao, uliotolewa mwaka 2015, haukukuta ishara.

Ukimya huo si kazi bure: umeshaondoa aina kadhaa za chembe zilizodhaniwa. Kundi kubwa zaidi la darubini za gama, CTAO, linajengwa La Palma, kisiwa cha Hispania, na Chile, na zile za Chile zitatazama kitovu kile kile.